Mtihani Nyumbani kwa Koko

Mwaka ule mdogo wangu wa kike alipokuwa anamaliza chuo kikuu, jiko letu la Butembo liligeuka darasa. Mimi sikusoma sana. Nilifika mwaka wa pili wa sekondari, nikaolewa, na sioni haya kulisema. Lakini mwaka ule nilijua mambo ya chuo kuliko watu wengi wa mtaa wetu, kwa sababu mdogo wangu alirudi na masomo yake kila jioni akayamwaga jikoni, na mimi nilikuwa hapo nikitwanga sombe, majani ya muhogo.

Alisomea kazi ya kusaidia watu wenye shida: wajane, watoto waliopotezana na wazazi, familia zilizokimbia makwao. Kwa Kifaransa mtu wa kazi hiyo huitwa assistante sociale, na baba alipenda kulitamka neno hilo polepole mbele ya wageni kama anavyotamka jina la mtakatifu. Wageni wengine walimcheka.

"Kusaidia batu nako kunasomewa? Si kila mutu anajua?"

"Hata kuzaa kila mwanamuke anajua," baba alijibu, "mais mukunga anasoma!"

Chuo chenyewe kilikuwa kichanga. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, barabara za kwenda magharibi zilifungwa, na walimu wengine walizunguka kwa kupitia Uganda ili wafike kwetu. Wakifika walifundisha somo la mwaka mzima kwa majuma machache, kutwa kucha, kisha wakaondoka kabla njia haijafungwa tena. Mdogo wangu alirudi nyumbani macho yamemtoka, kichwa kimejaa, na hakuweza kulala bila kumfundisha mtu mwingine alichofundishwa yeye.

Somo alilolipenda zaidi ya yote lilikuwa la kusikiliza. Walifundishwa kwamba mtu mwenye shida akisema neno, usimkimbilie na mashauri. Mrudishie kwanza neno lake, ajue umelisikia. Basi akaanza kutufanyia sisi.

Mama akasema: "Nimechoka leo, na njaa inaniuma."

Mdogo wangu akaketi mbele yake, mikono magotini. "Mama, ninasikia unasema umechoka, na njaa inakuuma."

"Ndiyo."

"Na njaa hiyo, unaisikia namna gani?"

"Ninaisikia namna ya bugali!" mama akapiga kelele. "Baba yao, kuya uone! Tumetuma mutoto chuoni, wameturudishia kasuku!"

Tulicheka mpaka nikamwaga maji ya sombe. Nilikuwa sijacheka kwa muda mrefu. Mume wangu alitoka nyumbani kwenda Manguredjipa na mzigo wa sabuni na chumvi wa kuwauzia wachimba dhahabu, na kilichorudi ni habari tu. Nilirudi kwa wazazi wangu nikiwa na nguo nyeusi, na nyumba nzima ilijifunza kunipita kimya kimya. Mdogo wangu peke yake ndiye hakunipita. Alihitaji mtu wa kujifunzia, basi kila jioni nikawa mtu mwingine. Mara mlevi aliyefukuzwa na mkewe, mara msichana aliyetoroka na askari, mara mama mkwe mwenye mdomo. Niligundua naweza kuigiza! Mlevi wangu alimchekesha hata baba.

Jioni moja akaniita kama kwetu mtu anavyomwita dada yake mkubwa: "Yaya, leo uwe mjane."

"Chagua mtu mwingine," nikamwambia.

Alichagua mtu mwingine. Hakuomba tena, na nilimpenda kwa hilo.

Mwisho wa masomo yake ulikuwa na mlango mmoja mwembamba: stage. Mwanafunzi alitumwa kwa majuma kadhaa kutembelea familia yenye shida, halafu siku ya mwisho mwalimu alikuja kuketi pembeni na kumtazama akifanya kazi. Asiyepita stage hapiti mwaka. Na katika vita, aliyeambiwa arudie mwaka hakujua kama kutakuwa na mwaka wa kurudia, wala kama walimu wataipata njia tena. Mdogo wangu alipangiwa Beni, kwa watu waliokimbia mapigano ya kaskazini. Baba akasema binti hapiti vizuizi vya askari peke yake. Mimi nilikuwa na wakwe Beni, na mjane hana wa kumwuliza ruhusa. Nikafunga kitambaa changu nikaenda naye.

Tulipanda mbele ya lori la viazi. Mdogo wangu alikuwa na furaha ya kuambukiza. Alionyesha kila kilima utadhani amekinunua. Kwenye kizuizi cha kwanza askari alichungulia dirishani, akaona nguo zangu nyeusi.

"Mama, munaenda matanga?"

Mdogo wangu alinibinya paja. Waendao msibani waliachwa wapite bila maneno, na kila msafiri alijua hivyo. Lakini mimi sijui kudanganya, ulimi wangu unakataa.

"Hapana," nikasema. "Tunaenda mutihani."

"Mutihani na nguo ya matanga?"

"Mutihani ni wa leki yangu huyu, mudogo wangu. Anasomea kusaidia batu wenye shida."

Askari akamgeukia mdogo wangu. "Mimi niko na shida. Nina njaa tangu asubui."

Na mdogo wangu, bila kufikiri, kwa sauti yake ya darasani: "Ninasikia unasema uko na njaa tangu asubuhi."

"Donc umesikia! Sasa toa!"

Dereva alicheka akagonga usukani. Tulimpa askari mahindi yetu ya kuchoma, akatufungulia njia, akapiga saluti kwa gunzi. Mdogo wangu alinilaumu mpaka tukaanza kuteremka kwenye joto la Beni. "Ungesema ndiyo tu, yaya! Neno moja!" Lakini alikuwa anacheka.

Familia aliyopangiwa ilikuwa ya bibi mzee, sote tukamwita koko, pamoja na wajukuu zake watatu. Walikuwa wamekimbia shamba lao na kupewa chumba cha udongo nyuma ya migomba ya mama mmoja mwenye uwanja, muumini mwenzao. Koko alikuwa mwembamba, mwenye sauti nzito. Alilima kwa watu kupata chakula cha siku. Wajukuu walishinda naye shambani, wakilala chini ya kivuli, wakati watoto wengine wako shuleni. Kazi ya mdogo wangu ilikuwa hiyo: kuelewa kwa nini watoto hawasomi, na kutafuta njia pamoja na koko mwenyewe, bila kumlazimisha.

Tulikwenda mara nyingi. Mdogo wangu aliuliza, koko alijibu mambo mengine. Alisema hana nguo za shule. Kanisa likaleta nguo, watoto hawakwenda. Alisema wadogo ni wagonjwa. Tuliwakuta wakipanda mpapai. Mdogo wangu alirudi kwa wakwe zangu amenuna, akalala chali akitazama bati.

"Kuna neno ananificha, yaya. Na mwalimu anakuja juma lijalo."

"Umwulize wazi."

"Nimemwuliza wazi. Ananiambia nywele zangu zimesukwa vizuri."

Koko alinizoea mimi kwa sababu sikuuliza kitu. Niliketi nikamsaidia kuchambua maharagwe. Siku moja kabla ya mtihani alimwambia mdogo wangu, "Kesho muje na dada wa nguo nyeusi. Na huyo mwalimu wenu mukubwa, ninataka kumwona." Mwalimu alipofika asubuhi kwa pikipiki alikubali nije, mradi nisifungue mdomo. Kwa kazi hiyo hapakuwa na mtu bora Beni nzima.

Asubuhi ile mdogo wangu hakuweza kumeza hata chai. Alivaa sketi yake ya bluu, akaivua, akaivaa tena. Njiani alitembea mbele yetu kwa haraka mpaka mwalimu, aliyekuwa mtu mnene wa kutoka upande wa Kisangani, akamwita, "Mademoiselle, mtihani hautakimbia!" Nami nilikaza mwendo kana kwamba ninayetahiniwa ni mimi.

Tulipofika, uwanja ulikuwa umefagiwa. Ndani kulikuwa na viti vya kuazima, kitambaa mezani, na sufuria yenye mfuniko. Harufu ya maharagwe na mafuta ya mawese ilijaa chumba. Koko alivaa kitenge ambacho hatukuwahi kukiona. Alituletea maji ya kunawa, akaanza na mwalimu.

Hapo mdogo wangu aliganda. Chuoni waliambiwa neno moja mara nyingi: mfanyakazi huyu hapokei kitu kwa mtu anayemsaidia. Hata yai. Akipokea leo, kesho ataegemea upande. Na mwalimu aliyewaambia hivyo ndiye aliyekuwa ameketi pembeni na kalamu yake.

"Asante, koko," mdogo wangu akasema. "Sisi tumeshiba. Tumekula."

"Mumekula wapi?"

"Nyumbani."

"Mumekula nyumbani, na munajua munakuja kwangu?"

Tumbo langu lilinguruma wakati huohuo, na chumba kilikuwa kidogo.

Koko alikuwa ameshafunua sufuria na kushika kijiko. Kwetu mwenye chakula huonja kwanza mbele ya wageni, waone kwa macho yao kwamba hakuna sumu wala ubaya ndani. Miaka ile watu walikufa vifo visivyoeleweka, na jirani alimwogopa jirani. Kumkatalia mtu chakula kabla hajaonja ilikuwa kumwambia jambo ambalo mdomo hausemi. Kijiko kilisimama hewani, kikashuka. Akarudisha mfuniko taratibu.

"Mimi ni mugeni hapa," akasema. "Batu hawanijui. Ni haki yenu kuogopa."

"Hapana, koko, si hivyo!"

"Uliza maswali yako, binti."

Mdogo wangu akauliza. Koko akajibu ndiyo. Akauliza tena. Koko akajibu hapana. Watoto walisimama mlangoni wakitazama sufuria. Mwalimu aliandika, akaandika, na kila kalamu ilipokwaruza nilisikia mwaka wa mdogo wangu ukikatika. Nilitamani kusimama na kusema, tumbo langu limeshasema kweli, lipeni chakula. Lakini niliahidi kunyamaza. Nilishika magoti yangu nikamtazama mdogo wangu, na nikaona machozi yako karibu.

Kisha akaweka karatasi zake chini ya kiti.

"Koko," akasema, "nimekudanganya. Hatujala. Mimi hata chai sijanywa, hofu imenikaba. Chuoni wanatukataza kupokea kitu kwa mutu tunayemutembelea. Na mwenye kukataza ni huyu hapa. Leo ananipima. Nilimwogopa yeye, sikukuogopa wewe."

Koko aligeuza shingo akamtazama mwalimu kuanzia viatu.

"Ni wewe unakataza batoto kula?"

"Mama," mwalimu akaanza, "ni sheria ya kazi, ili—"

"Na wewe umekula?"

Mwalimu alitazama kalamu yake. Nadhani alitaka kudumu kuwa mtu wa pembeni, lakini kwa koko hapakuwa na pembeni.

"Koko," mdogo wangu akasema haraka, sauti yake imepata damu, "sheria inanikataza kupewa mimi. Haikukatazi kulisha jamaa yako. Ita batoto. Ita na mwenye uwanja. Onja, wale wote, na mimi nitakula katikati yao kama mutu mumoja wa hapa. Nikishiba sitakuwa na deni kwako wala wewe kwangu. Hivyo unaonaje?"

Koko alifikiri. Halafu akacheka, cheko la kifuani, akapiga kofi. "Kuyeni!" Watoto waliingia kama maji. Mama mwenye uwanja alikuja na sahani zake. Koko akaonja, akameza, akatutazama mmoja mmoja, na wote tukaingiza mikono. Mwalimu alisitasita, akaweka kalamu, akanawa. Alikula kama mtu aliyepanda pikipiki tangu alfajiri.

Ni katikati ya kula, bila swali lolote, koko aliposema. Alikuwa akimenyea mjukuu mdogo ndizi.

"Walikuwa wanne," akasema.

Mdogo wangu aliacha kutafuna. Hakusema "ninasikia".

"Mukubwa wao alikuwa shuleni siku risasi zilianza. Shule iko ng'ambo ya mto. Hawa watatu walikuwa na mimi. Nikakimbia na waliokuwa mukononi. Batu wote wanakuja hapa, batu ba msaada, batu ba kanisa, wananiuliza kwa nini hawasomi. Nitawaambia nini? Kwamba mwenye kusoma ndiye sikumwona tena?"

Mdogo wangu alingoja, na kungoja kwake nilikuona kwa macho, mabega yake yametulia, mkono wake umebaki kwenye sahani ileile. Kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Koko, kuna shule ambayo ungeweza kuivumilia?"

Niliona koko anaitafuta kweli. "Ile ninaweza kuiona," akasema.

Mama mwenye uwanja akainua kichwa. Nyuma ya migomba, hatua chache tu, palikuwa na kikanisa cha miti ambamo mwalimu mmoja, mkimbizi naye, aliwakusanya watoto asubuhi akawafundisha kusoma.

"Ile haina hata madawati," mama huyo akasema.

"Madawati ya nini?" koko akajibu. "Nitapanda viazi vya watu upande huu. Kila nikiinua jembe ninaona mulango. Nitajaribu juma moja. Moja tu. Kama moyo unakataa, ninawatoa."

"Ukiwatoa, nitakuja tuongee tena," mdogo wangu akasema, na hakuongeza neno la kumsukuma.

Tulipokuwa tunaaga, koko alinishika mkono. "Na wewe, nguo hii ni ya nani?"

"Ya mume wangu," nikasema. "Njia ya Manguredjipa."

Akatikisa kichwa, akabaki ameshika mkono wangu mpaka aliposhiba kuushika. Nilikuwa sijalisema jambo hilo mbele ya mtu tangu lilipotokea. Nilitoka uwanjani nikiwa mwepesi mpaka nikaogopa kuanguka.

Nje, mdogo wangu alimkabili mwalimu. "Nimepita?"

Mwalimu alijifuta jasho. "Mademoiselle, mwanzo ulikuwa sifuri. Ulimdanganya mtu uliyekuja kumsikiliza. Halafu ulivunja sheria, ama uliipindisha, bado sijui ni lipi. Halafu ulifanya kazi ambayo nimeifundisha miaka mingi na sijaiona ikifanywa hivyo. Mais mimi siko peke yangu. Nitalipeleka kwa wenzangu wa jury, wataamua." Alikuwa mtu wa haki. Kama sufuria ile imemtatiza, alisema imemtatiza.

Tulirudi Butembo tukaanza kungoja. Mdogo wangu alijiona amefaulu asubuhi, ameanguka jioni. Baba aliacha kulitamka lile neno la Kifaransa, asije akalitia mkosi. Habari kutoka Beni zilituambia watoto wa koko wamemaliza juma la kwanza, na kwamba koko alilima mstari uleule wa viazi mara nyingi kwa sababu ya kutazama mlango. Mdogo wangu aliporuka kwa furaha, mama alimwambia, "Umefaulu kwa koko. Sasa tuone kwa wanaume wa jury."

Siku ya matokeo ukumbi ulifurika mpaka madirishani. Kwetu majina husomwa kwa sauti, wenye alama za juu kwanza, na asiyesikia jina lake hujua. Akina mama walikuja wameficha makopo ya poda ya watoto chini ya vitenge, tayari kumpaka aliyefaulu mpaka awe mweupe kichwani. Mama alificha letu. Mimi nilisimama nyuma, ukutani, kwa sababu mwenye matanga hakai mbele penye furaha.

Katibu akasoma wenye distinction. Hayumo. Kila jina lilifuatwa na mlipuko wa kelele na wingu la poda, na baada ya kila wingu baba alipungua. Wakaanza wenye satisfaction, waliopita kwa alama za kawaida. Jina, kelele, wingu. Jina, kelele. Katibu akageuza karatasi ya mwisho. Nilimwona mdogo wangu kwa nyuma, shingo yake imesimama wima, mikono imeshika kiti cha mbele. Nilisali neno moja, na neno hilo halikuwa hata la sala. Lilikuwa "haya".

Na katibu akalisoma jina lake. Lote, na la baba ndani yake.

Sikumbuki mama alifunguaje lile kopo. Nakumbuka baba akipiga mbio kuelekea upande usio na mtu yeyote. Na nakumbuka sauti moja kali ya vigelegele iliyopanda juu ya zote, nikageuka kumtafuta mwenye nayo, nikaona watu wananitazama mimi.

Shangazi wa marehemu mume wangu alikuwa karibu. "Mama wa matanga anapiga vigelegele?" akaniuliza. Hakuwa na hasira, alishangaa tu.

"Ndiyo, shangazi," nikasema. "Nimepiga."

Alinitazama kidogo. "Basi umepiga vizuri," akasema.

Walikuwa wamembeba mdogo wangu juu juu na kumtoa nje, kila mtu akiimba wimbo wake. Viatu vyake vilimtoka mlangoni, kimoja huku, kingine kule, watu wakivikanyaga. Nikainama katikati ya miguu, nikaviokota, nikatoka mbio kumfuata.